Jerikeni ya Mama Yafika Eliye

Jumapili, baada ya ibada, mlinizingira nje ya kanisa mkitaka kujua safari ilikuwaje, nami nikajibu, "Ilikuwa poa." Nimelala na jibu hilo siku nne na linaniwasha kama upupu. Haikuwa poa. Nilitapika mara mbili, nikachelewesha boti, nikadhaniwa mtu wa shirika, na nikafanya jambo moja ambalo mpaka sasa nikilikumbuka nacheka peke yangu jikoni. Kwa hiyo naandika. Ukurasa huu nimeuandika upya mara sita. Huu ni wa saba na nimejikataza kuugusa.

Habari za kibali cha kutoka kambini na za kulipia boti naziruka. Zilichukua wiki tatu na zinachosha hata kuzikumbuka.

Kwa nini nilikwenda, wengi mnajua nusu. Nusu nyingine nimekuwa nikiificha. Nikiwa na miaka saba, laga ya Tarach ilinibeba. Asubuhi ilikuwa mchanga mkavu, mchana ikawa mto, na mwanamume nisiyemjua akanivuta nje kwa gauni. Tangu siku hiyo siwezi maji yanayopita kifundo cha mguu. Mwaka jana niliitwa usaili wa kazi ng'ambo ya laga, na mvua ilikuwa imenyesha. Maji yalifika magotini tu. Watoto wa shule walikuwa wakivuka huku wakirushiana matope. Mimi nilisimama ukingoni, viatu mkono mmoja, faili mkono mwingine, mpaka saa ya usaili ikapita. Niliwaambia nilikuwa mgonjwa. Sikuwa mgonjwa.

Ndipo nikaanza kujifunza kuogelea, hapa hapa Kakuma, ambako maji mengi kuliko yote tunayoyaona pamoja ni lita ishirini. Nilitazama video kwenye simu, nikaandika hatua kumi na mbili daftarini, nikawa kila jioni nalala kifudifudi juu ya benchi la jikoni nikipiga mikono na miguu. Miezi mitano. Mama akipita na sufuria ananiambia, "Nyibol, usizame." Jirani aliwahi kumuuliza kama ninaumwa tumbo.

Nilikuwa nataka kitu kimoja tu: niingie kwenye maji yanayonizidi kimo, kisha nitoke kwa nguvu zangu. Nisivutwe kwa gauni.

Kakuma hadi Lodwar

Jerikeni mnaijua. Ni ile ya njano yenye alama mbili za rangi nyekundu ya kucha, inayomshikia Mama zamu bombani wakati yeye bado anatafuta viatu. Niliijaza mpaka shingoni. Nilikuwa nimepiga hesabu: maji ya kunywa ya siku tatu, ya dharura, na ya dharura ya dharura. Haikunipitia akilini kwamba ninakoenda ni ziwani. Mtu wa Kakuma akisafiri hubeba maji, basi.

Mama aliniruhusu kwa sharti. "Maji kunywa, na mwenye kiu mpe. Lakini jerikeni yangu irudi. Bila hiyo mimi si mtu kwenye foleni."

Dereva wa probox aliitwa Ewoi, kijana mwenye kofia ya rangi ya waridi. Aliinyanyua jerikeni aiweke nyuma, akasita.

"Dada, unaenda wapi na hii?"

"Eliye."

"Eliye ya ziwa?"

"Ndiyo."

Akaiweka chini ili acheke vizuri. "Wee! Njooni muone! Huyu anapelekea ziwa maji!"

"Labda amesikia imepungua," mwenzake akasema.

"Mwache, anaenda kuiongeza."

Nilitamani kurudi nyumbani. Nasema kweli: nilihesabu hatua kutoka pale hadi mlangoni kwetu. Lakini mama mmoja mwenye mbuzi aliyefungwa miguu alikuwa ameshakaa kando yangu, na mbuzi akawa ameniwekea kichwa mapajani, sikuona njia ya kutoka.

Katikati ya safari moshi mweupe ulianza kutoka kwenye boneti. Ewoi akasimamisha gari, akafungua, akaruka nyuma. Tulikaa chini ya mgunga karibu saa nzima tukingoja injini ipoe. Nilitoa kisra, mkate wetu mwembamba wa mtama, na samaki mkavu, vitu alivyonifungia Mama, tukala wote, na mbuzi akala karatasi. Kisha Ewoi akaja, ameivua ile kofia.

"Dada yangu. Ile maji ya ziwa. Naweza pata kidogo?"

Nilimpimia kwa kikombe. Radieta ilikunywa vikombe sita. Kuanzia hapo mpaka Lodwar hakuniita dada tena, aliniita Waziri wa Maji, na tulipofika alinibebea jerikeni mpaka kwenye kivuli na kuwaambia madereva wenzake wanisalimie kwa heshima. Walifanya hivyo. "Ejok, Waziri!" Nikaitikia, "Ejok-noi," nikiwa na jasho mpaka kwenye soksi.

Lodwar, kisha Kalokol

Lodwar nilitapika. Hakuna chakula cha kulaumu kwa sababu sikuwa nimekula kitu tangu kisra. Nilikuwa nimekaa hotelini mbele ya chapati mbili na chai ya maziwa ya ngamia, nikafungua daftari kupitia hatua kumi na mbili, nikafika ya nne, kuvuta pumzi kwa upande, nikakimbilia nje. Mhudumu aliniletea ndimu bila kuuliza. Nikala chapati zote mbili baadaye. Zilikuwa nzuri, laini, zimekunjwa vizuri, na hilo nalitaja kwa sababu ninapenda kitu kilichofanywa sawasawa.

Kwenye gari la kwenda Kalokol ndipo nilipokutana na watu wa boti yangu. Walikuwa wanne, wafanyakazi wa ofisi moja Lodwar, na kiongozi wao alikuwa Madam Kerubo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha hosteli nzima, mzaliwa wa Kisii.

"Miaka tisa niko Lodwar," aliniambia, "na ziwa naliona kwenye kalenda ya ofisi. Nimesema mwaka huu, hata kama ni kubebwa, nitafika Eliye kwa boti kama watalii. Na wewe, mtoto wa nani?"

"Wa Kakuma, madam. Mama yangu ni wa Bor."

"Unajua kuogelea?"

Sijui kwa nini nilisema ukweli. "Kwenye benchi."

Alinitazama. Nikaeleza. Alicheka mpaka akashika dashibodi, kisha akawageukia wenzake akawasimulia kwa Kiingereza, na wao wakacheka upya. Lakini usiku huo huo tulipogawana vyumba Kalokol, alinigongea ukutani akauliza, "Sasa hiyo miguu unapigaje?" Nikamweleza kupitia ukutani, naye nikamsikia anapiga godoro.

Alfajiri ya ufukweni

Saa kumi na moja na nusu tulikuwa kwenye kijiji cha wavuvi. Samaki waliopasuliwa walikuwa wametandazwa juu ya mchanga kama nguo zilizoanikwa. Ziwa lilikuwa mbele yetu na lilikuwa kubwa kupita adabu. Nililitazama mara moja, kisha nikaamua kutazama vitu vidogo.

Nahodha aliitwa Ekal, mtu mwembamba asiyependa maneno. Alitandaza jaketi tano za kuokoa maisha. Na mimi, mnanijua, nikaanza kuzikagua. Nilivuta kila mkanda, nikakaza kila kifungo. Jaketi la tano mkanda wake ulikuwa umeliwa na jua.

"Nahodha, hili ukivuta litakatika."

Ekal akavuta. Likakatika. Akaniangalia. "Una macho," akasema. "Sasa ziko nne."

Abiria tulikuwa watano. Wenzangu wanne walikuwa wameshavaa. Nilisimama pale nikielewa polepole kwamba nimejikagua nje ya safari.

"Si akae katikati tu, tumshike," Madam Kerubo alisema. "Twende, jua linatoka."

"Boti yangu haibebi mtu bila kitu ya kuelea," Ekal alijibu. "Ndugu yangu pia alikuwa na haraka."

Madam Kerubo akakaza mkanda wa jaketi lake.

Kisha Ekal akaiona jerikeni. Akainama, akazungusha kifuniko, akakikaza. "Hii ni mzuri. Sisi tunafunganga hii kwa mwili tukienda kwa nyavu. Mwaga maji, funga kabisa, nitakupa kamba. Halafu unaingia hapa mpaka kifua nione kama inakubeba. Ikikubeba, unapanda."

Mwaga maji. Alisema kama mtu anayesema funga mlango.

Ninyi mtanielewa. Kwetu hata maji yaliyoosha sahani huenda kwenye mche wa mwarobaini. Niliweka mkono kwenye kifuniko, mkono ukakataa. Madam Kerubo akasema, "Mwaga, mtoto, ni maji tu!" Mkono bado ukakataa. Mama alikuwa amesimama foleni tangu kabla ya kengele ya kwanza ya kanisa kwa ajili ya yale maji. Nikafanya ninachofanya nikiogopa: nikatoa daftari na kalamu, nikaanza kuandika chochote.

Hilo ndilo lililoniponza. Mwanamke mmoja aliyekuwa akigeuza samaki aliinuka akaja. Shanga zake zilifika kidevuni. Jina lake, nilikuja kulijua, ni Akiru.

"Ejok. Wewe ni wa shirika gani?"

"Mimi si wa shirika, mama."

"Daftari iko. Maji iko." Alionyesha kimoja kimoja kwa kidole. "Mnaandika majina saa ngapi?"

"Hapana, mama, mimi ni msafiri tu. Natoka Kakuma."

"Kakuma!" Akageuka akasema jambo kwa sauti, na kabla sijajieleza mwanamke wa pili alikuwa nyuma yake na sufuria, wa tatu na mtoto mgongoni, wa nne na kopo. Pampu yao ilikuwa imekufa juma lile, Ekal alinieleza, na maji ya ziwa yana magadi, tumbo la mtoto haliyawezi. Hawakusukumana. Waliweka vyombo vyao mchangani, kimoja nyuma ya kingine, wakakaa pembeni kungoja.

Niliitazama ile foleni ya vyombo. Ninaijua. Nimezaliwa ndani yake. Najua anayejifanya hakuona zamu, najua anayemtuma mtoto amshikie, najua namna shingo inavyouma ukichungulia kama yatakutosha. Ila upande huu wa jerikeni sikuwahi kusimama hata siku moja.

Nikafungua kifuniko.

Vikombe viwili kila chombo, mwenye mtoto mchanga vitatu. Jerikeni ilikuwa nzito, nikawa namwaga pembeni.

"Nyibol!" Madam Kerubo aliita kutoka kwenye boti. "Hii ni matembezi ama ni mgao?"

Niliendelea kupima. Baada ya muda nikasikia mtu anashuka akilalamika juu ya magoti yake, na mikono minene ikashika jerikeni kwa chini. "Pima vizuri," alisema karibu na sikio langu. "Huyo wa kwanza ulimpunja."

Chombo cha mwisho kilipata kikombe kimoja na nusu. Nilimwomba radhi mwenye nacho mpaka akachoka kunisamehe. Akiru hakuondoka.

"Sasa andika."

"Niandike nini? Nimekwambia mimi si—"

"Nimesikia. Andika tu. Andika Akiru alikunywa maji ya msichana wa Kakuma."

Nikaandika. Na wengine wakataka. Daftari ninalo hapa: upande wa kushoto hatua kumi na mbili za kuogelea, upande wa kulia majina kumi na moja. Jua lilikuwa limeshatoka mkono mzima juu ya maji. Kwenye ratiba yangu tulipaswa kuwa tumeondoka zamani, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kuandika ratiba, sikujali.

Kisha ikaja zamu ya jaribio. Ekal alifunga kamba ya wavu kwenye mpini wa jerikeni, mwisho mwingine akanifunga kiunoni. Niliingia. Vifundo, magoti, kiuno. Hapo nikaikumbatia jerikeni na nikaganda. Akiru, aliyekuwa ameingia pembeni yangu na nguo zake zote, akanipiga kiganja begani.

"Unaikaba kama mbuzi ya wizi. Wacha kidogo. Lalia tu."

Nikalegeza. Miguu ikaacha mchanga. Nilihesabu sekunde nne.

"Panda," Ekal alisema.

Ndani ya boti

Mliniuliza zaidi sehemu hii na ndiyo niliyoiona kidogo zaidi, kwa sababu muda mwingi nilikuwa nimefumba macho. Nilitapika mara ya pili, safari hii nje ya boti, na nilijivunia kulenga. Madam Kerubo aliimba tenzi zote anazozijua kisha akaanza upya. Maji yalikuwa ya kijani, si ya samawati kama ya kalenda, na aliilalamikia kalenda hiyo. Tulipita ndege warefu waliosimama kwa mguu mmoja, na kwenye ulimi wa mchanga tukamwona mamba amelala ameachama kinywa. Kwa mbali kisiwa kilikuwa cheusi kama jiko lililozimwa.

Ekal alitugawia samaki wa kuchoma, bila chumvi, bila ndimu, kwenye karatasi ya saruji. Nilikula kwa mkono mmoja. Mwingine ulikuwa kwenye jerikeni.

Eliye

Kabla ya kuona nyumba unaona minazi. Si minazi kweli, ni mikoma, lakini ukitoka kwenye maji na kuiona imesimama kwenye mchanga mweupe unaelewa kwa nini watu hutoka Nairobi kuja kupigia picha pale. Kulikuwa na vijana wenye miwani ya jua, bibi harusi mmoja, na wanawake wanaouza vikapu. Madam Kerubo alishuka, akapiga magoti mchangani, akabusu, akatema mchanga.

Nilibadili nguo, nikamfuata Ekal.

"Kutoka kwa ile boti ya bluu mpaka kwa ule mti," alinionyesha, "hakuna mamba siku hizi."

"Siku hizi?"

"Hata zamani," akasema, lakini alikuwa amechelewa.

Niliingia na jerikeni. Nilipofika kifuani sikungoja, kwa sababu nikingoja ninaanza kufikiri. Nililalia jerikeni nikapiga miguu kama benchini, na nilipoishusha miguu kutafuta mchanga, mchanga haukuwapo. Nilikuwa kwenye maji yanayonizidi kimo. Nilibaki pale nikipumua, nikijisikia kama mtu aliyeingia nyumba ya watu kimakosa na akaambiwa karibu.

Ingekuwa ni mtu mwingine angeridhika. Mimi nilikumbuka hatua ya kwanza daftarini: hakikisha mwili uko huru. Kamba ilikuwa kiunoni. Nikaifungua ili nifanye sawasawa, na nilipoachia mkono kupanga mwili, jerikeni ikateleza.

Upepo ulikuwa umegeuka, unatoka nchi kavu. Jerikeni tupu ni nyepesi kuliko unavyodhani. Iliondoka ikirukaruka kama inayonikimbia.

Nilizama. Nikanywa ziwa, lina ladha ya sabuni. Nikaibuka.

"Wacha iende!" Madam Kerubo alipiga kelele ufukweni. "Nitakununulia ingine Lodwar! Rudi!"

Ufukwe ulikuwa karibu. Ningeweza kurudi. Lakini nilikuwa ninaziona zile alama mbili nyekundu zinapanda na kushuka, na nikamwona Mama asubuhi bombani mikono mitupu, akimweleza mtu asiyetaka kusikia kwamba yeye alikuwa wa tatu.

Nikaifuata. Sikumbuki hatua hata moja kati ya zile kumi na mbili. Nilipiga maji kama mbuzi aliyeanguka kisimani. Kichwa juu, kichwa chini, kikohozi, mkono, mkono. Nilipoigusa mara ya kwanza niliisukuma mbali zaidi, nikaitukana Kidinka, na mara ya pili nikashika kamba.

Nilipogeuka, Ekal alikuwa ameshaingia, yuko nusu ya njia kunifuata. Alisimama akielea.

"Nikuvute?"

Miaka yote hiyo nilikuwa nangoja kuulizwa swali hilo na sikujua.

"Hapana."

Hakusogea karibu, wala hakurudi. Niliiweka jerikeni mbele yangu, sikuikumbatia, niliisukuma kwa vidole na kuifuata, nikaisukuma na kuifuata, mpaka magoti yakagonga mchanga. Nilitoka nikitembea. Madam Kerubo alikuwa ameingia majini mpaka kiunoni na jaketi lake na viatu vyake.

"Hiyo ni staili gani?" aliuliza, na alikuwa analia.

"Ya benchi," nikasema.

Kurudi

Juu kidogo ya ufukwe chemchemi zinatoka ardhini kati ya mikoma, maji matamu, ya vuguvugu, yanajimwagikia tu mchangani mchana na usiku bila foleni. Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyokaa ziwani. Kisha nikajaza jerikeni mpaka shingoni.

Lodwar, Ewoi aliniona kutoka mbali. "Waziri! Umerudi na ziwa?"

"Chemchemi. Na radieta yako isiiguse."

Aliifunga mkanda kwenye kiti cha mbele kama abiria.

Nyumbani, Mama hakuuliza kuhusu mimi kwanza. Aliigeuza jerikeni, akatazama alama zake, akatazama kamba ya wavu kwenye mpini. Akamimina kikombe, akaonja. "Hayana ile dawa ya bombani," alisema. Nikamsimulia. Nilipofika pale jerikeni ilipoteleza alisimama. Nilipofika pale Ekal aliponiuliza, alikaa. Alimaliza kikombe taratibu, akaifunga jerikeni. Mama si mtu wa kusifu, na mimi nilizoea.

Kesho yake alfajiri nilimsindikiza bombani. Jerikeni iliwekwa kwenye mstari, ya tatu, na mwanamke wa nyuma akaishika kamba. "Hii nayo ni ya nini?"

"Usiiguse," Mama alisema, kwa sauti ya kufika mwisho wa foleni. "Hiyo ilitaka kupotea ziwani. Binti yangu akaogelea akairudisha."

Kamba yenyewe imekatwa vibaya, upande mmoja mrefu, mwingine mfupi, na kila nikipita natamani niisawazishe. Nimeshika kisu mara mbili. Mama amekataa.